Wifi Yangu na Sayari Iliyokaa Motoni

Wifi yangu alikuja kwetu kukaa wiki moja. Alikuja na begi la kahawia na pea mbili za viatu, akasema anasubiri chumba chake kimalizwe kupakwa rangi. Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita. Kaka yake, yaani mume wangu, ameshatangulia mbele ya haki, watoto wana nyumba zao, na rangi ya kile chumba nadhani imeshakauka. Wifi bado yupo.

Ni mshonaji, lakini si wa magauni. Ukimpa kitambaa cha gauni atakurudishia kitu unachoweza kuegesha gari ndani yake. Yeye ni fundi wa mahema na maturubai, kwenye karakana moja ndefu yenye cherehani sita nzito za kukanyaga kwa miguu miwili. Ya kwake ni ya tatu, ile ya dirishani. Hapimi kwa futi kamba kama wenzake. Ana uzi mnene aliouwekea mafundo, kila fundo shibiri moja ya mkono wake, nao huuvaa shingoni kama wengine wanavyovaa kidani. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia futi kamba inavutika, mkono wake hauvutiki.

Sasa pale karakana wana utaratibu wao. Juu ya kila cherehani pamepigiliwa kipande cha ubao ukutani. Ukiharibu kazi, msimamizi anakuja na chaki anakuchorea mstari mmoja, na haufutwi. Mistari ikifika mitatu unatoka kwenye cherehani unapelekwa meza ya kukunja, kule nyuma, ukakunje na kufunga kamba kazi za wenzako. Hakuna anayefukuzwa. Ila sijapata kusikia mtu aliyehamia meza ile akamaliza mwaka. Leo anaumwa mgongo, kesho ana mgeni, keshokutwa hasikiki tena. Msimamizi mwenyewe ni kijana kuliko mwanangu wa kwanza, lakini wanamwita Mzee Chaki, na mfuko wake wa shati una weupe usiotoka hata kwa sabuni ya unga.

Ubao wa wifi ulikuwa safi miaka thelathini na minane. Halafu mwaka ule, ndani ya miezi mitatu, ukapata mistari miwili. Kwanza alishona hema la watu wanane akasahau mlango. Wateja waligundua wakiwa wameshalisimamisha, wanalizunguka kama kuku anayetafuta pa kuingilia. Kisha akageuza turubai la lori, upande wa kung'aa ukawa ndani. Ni macho. Yeye alisema ni dirisha limeingia vumbi, tukaenda tukalifuta dirisha, lakini ni macho.

Siku aliyopata mstari wa pili alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Akaniambia, "Wifi, nikitolewa pale dirishani sitajua mikono yangu niiweke wapi." Akaiweka juu ya meza, mmoja huku na mwingine huku, kana kwamba ananionyesha hasara yenyewe.

Basi ndipo ikaja kazi ya sayari.

Aliyeileta alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye miwani, anayefundisha habari za nyota chuoni. Kulikuwa na maonyesho ya wanafunzi kwenye ukumbi mkubwa, naye alitaka ashonewe anga: kitambaa cheusi kirefu cha kutandaza juu kama dari, na vitanzi vya kutundikia mipira miwili ya nailoni. Mmoja wa njano, wenye taa ndani, huo ndio nyota. Mwingine wa rangi ya kutu, mpana mita moja, unaojazwa hewa kwa feni ndogo, huo ndio sayari. Mafundi wenzake waliikimbia kazi hiyo kwa sababu ya mipira, maana mpira ni vipande kumi na viwili vinavyotakiwa vikutane nukta moja. Wifi akanyoosha mkono. Alitaka waone kwamba bado anaweza.

Mchoro alikuja nao nyumbani Jumamosi mchana, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi na yeye hakutaka wamwone akiyasogeza puani. Mimi ndiye msomaji wa nyumba hii. Nilimaliza darasa la saba, na wakati wetu darasa la saba lilikuwa darasa. Nikavaa miwani, nikamsomea vipimo vyote, yeye akihesabu mafundo ya uzi wake. Tukaenda vizuri mpaka nikafika kwenye vitanzi.

"Hapa wamekosea," nikasema.

"Wamekosea nini?"

"Wameiweka sayari ubavuni mwa nyota. Mafundo manne tu. Na wameandika hapa kwamba ni sayari kubwa ya gesi, aina ya Mshtarii. Mshtarii haikai karibu na jua, wifi. Mshtarii inakaa mbali."

"Karatasi inasema karibu."

"Karatasi imechorwa na mtoto. Mimi nimesimama pale."

Na kweli nilisimama. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa sayansi alitutoa nje uwanjani, akasimama katikati akasema yeye ni jua. Wale wadogowadogo akawaweka karibu naye: huyu Utaridi, huyu Zuhura, huyu Dunia, huyu Mirihi. Mimi nilikuwa jitu la darasa, viatu vyangu vilikuwa vya kaka yangu. Akaninyooshea kidole akasema, wewe Mshtarii, nenda hadi kwenye ua. Nikaenda. Nikauliza kwa sauti kama nisogee, maana sikusikia anachofundisha. Akanijibu kwa kelele kwamba mkubwa wa gesi mahali pake ni huko kwenye baridi, akija huku joto litampeperusha. Nilisimama kwenye ule ua kipindi kizima, mwalimu akionekana mdogo kama kijiti cha kiberiti. Kitu ambacho umesimamishwa nacho juani dakika arobaini huwezi kukisahau, hata ukifika miaka sabini na minne.

Nikamweleza wifi yote hayo. Akaniangalia, akaangalia karatasi.

"Kwa hiyo kitanzi kiende wapi?"

"Mwisho kabisa wa kitambaa. Upande wa mlangoni."

"Una uhakika, wifi? Unajua ubao wangu ulivyo."

"Kama sina uhakika na hili, sina uhakika na jina la mama yangu."

Akaukunja ule mchoro mara nne, akautia kwenye mfuko wa aproni.

Siku ya kutundika nilikwenda naye ukumbini. Nilivaa mtandio wangu wa harusi za watu, kwa kuwa niliona kazi ile ni yangu pia, tena nilitazamia kwamba yule binti atashukuru kwa kusahihishiwa. Vibarua wawili walipandisha kitambaa cheusi kwa kamba, taa ikawashwa, feni ikapuliza, mipira ikajaa. Vipande kumi na viwili vilikutana nukta moja, huku na huku, bila kukunjana hata kidogo. Mzee Chaki mwenyewe alizunguka chini ya ule wa rangi ya kutu akitafuta kasoro, akakosa. Nyota iko ndani kabisa, sayari iko mlangoni, imetulia peke yake. Nikaona sawasawa.

Mwalimu wa nyota akaingia na mafaili yake.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Akatazama juu. Akatazama nyota, kisha akageuka kuitafuta sayari, mpaka akakaribia kujikwaa.

"Bibi, mbona sayari iko huku mlangoni?"

"Ndiyo mahali pake," wifi akasema.

"Mchoro umeiweka kule, ubavuni mwa nyota."

"Ingeungua."

"Inaungua, bibi. Ndiyo yenyewe hiyo."

Hapo mimi nikadhani sijasikia vizuri. Yule binti akaanza kueleza, na nitayaandika kama alivyoyasema, maana kuyaelewa ni habari nyingine. Alisema zipo sayari kubwa kama Mshtarii, za gesi tupu, lakini hazizunguki jua letu, zinazunguka nyota nyingine huko mbali, tena zimeikaribia nyota yao mno. Mwaka wa sayari ile ni siku nne. Siku nne za huku kwetu, imeshaimaliza safari nzima. Nikapiga hesabu palepale kichwani: ningezaliwa huko ningekuwa na miaka elfu sita mia saba na ushee, na magoti yangu yaleyale. Akasema imegeuza uso mmoja tu kwenye nyota, haigeuki. Upande mmoja mchana usiokwisha, upande wa pili usiku usiokwisha. Joto lake linayeyusha chuma.

"Na gesi haipeperuki?" wifi akauliza.

"Inapeperuka kidogo kidogo. Lakini ni kubwa sana, haijaisha."

"Sasa ni mchana wa saa ngapi huko?"

"Hakuna saa, bibi. Ni mchana tu."

Wifi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu mlevi.

Mzee Chaki yeye hakuwa na haja na hayo. Alikuwa ameshautia mkono mfukoni. "Mama," akamwambia wifi, na nakiri alisema kwa upole, "wanafunzi wanaingia saa tano, na kazi haiko kama mchoro. Mimi sina la kuongeza. Huu ni wa tatu."

Wifi aliushika uzi wake shingoni akaanza kuyapapasa mafundo, moja, moja, moja. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya nguzo na mtandio wangu. Nilijua ninachotakiwa kufanya, na miguu ikakataa. Kukubali mbele ya binti mdogo vile, mbele ya vibarua, kwamba mimi ndiye niliyekosea, tena kwa jambo nililolisimamia kwa mwili mzima. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa sijaelewa bado kama nimekosea. Mtu atatubu vipi kosa ambalo halijamwingia akilini?

Wifi angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alitazama dirisha la ukumbi, ambalo halikuwa dirisha lake.

Nikatoka nyuma ya nguzo.

"Huo mstari nichoree mimi," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia aiweke huku. Yeye alitaka kufuata karatasi."

"Wewe huna ubao, mama," Mzee Chaki akasema.

"Nipigilieni."

Kibarua mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu wa nyota akaniuliza, kwa adabu kabisa, nilijuaje kwamba mahali pake ni mbali. Nikamweleza habari za uwanja, ua, viatu vya kaka yangu. Nilitegemea acheke. Badala yake akakaa juu ya sanduku la taa, akavua miwani.

"Na mimi nilifundishwa hivyohivyo," akasema. "Wote tulifundishwa hivyo. Kwa jua letu ni kweli, wadogo karibu, wakubwa mbali. Tukadhani ni hivyo kila mahali. Ile ya kwanza ilipoonekana, kama miaka thelathini iliyopita, hata wataalamu walitilia shaka vyombo vyao. Walisema kitu kama hiki hakiwezi kuwa hapa."

"Na kikawa hapo," wifi akasema.

"Kikawa hapo. Na si kimoja."

"Kilifikaje?" nikauliza.

"Hatujaafikiana, bibi. Wengi tunadhani kilizaliwa mbali, kwenye baridi, kikasogea. Wapo wanaosema kilizaliwa palepale."

"Kikasogea kufuata nini kwenye moto?"

"Hakina hiari. Kilivutwa."

Nikamwangalia wifi, naye akaniangalia, na nina hakika sote wawili tulilikumbuka begi la kahawia.

Mzee Chaki alikuwa ameshika chaki yake hewani muda wote huo. "Samahani, mwalimu," akasema. "Hili ni kosa au si kosa?"

"Ni kosa ambalo wakubwa wangu wangelifanya."

"Hao mimi siwasimamii. Ninauliza habari za ubao."

Ndipo wifi alipowaambia vibarua, "Teremsheni kitambaa."

Wakateremsha. Akapiga magoti ukumbini, umri ule, akatembea kwa magoti juu ya ule weusi hadi mahali nyota ilipofungwa. Akahesabu mafundo manne ya uzi wake kutoka pale. Akaingiza ukucha kwenye pindo, akafumua nyuzi tatu, akavuta. Kikatoka kitanzi. Kitanzi kizima, kimeshonwa kwa mshono wa mara mbili, kimelazwa ndani ya pindo kama kalamu ndani ya daftari.

Mzee Chaki akapima kwa futi kamba yake. Akapima tena. Ilikuwa vilevile kama mchoro, hata unene wa kucha haukuzidi.

"Kwa hiyo ulishona sawa," akasema.

"Nilishona sawa."

"Lakini umetundika vibaya."

"Nimetundika alivyosema wifi yangu."

"Na ulijua si sawa?"

"Nitajuaje mimi? Karatasi ilisema hapa, wifi akasema kule. Nikashona pote."

Mzee Chaki akarudisha chaki mfukoni. Akaitoa. Akamtazama mwalimu wa nyota, mwalimu akamtazama yeye, akairudisha tena. Sijawahi kuona mwanamume akihangaishwa vile na kipande kidogo cha chokaa.

Walipokipandisha kitambaa tena, sayari ikiwa mafundo manne kutoka kwenye taa, lilitokea jambo lingine la kunichanganya. Joto la taa liliuingia ule mpira wa nailoni, ukaanza kutanuka. Maisha yangu yote, kila nilichokisogeza motoni kilisinyaa: nyama, sufu, mkono wangu mwenyewe. Hiki kilivimba mpaka mishono ikanyooka kama kamba ya kuanikia. Vibarua wakarudi nyuma. Mwalimu wa nyota akafurahi kama amepewa zawadi. Akasema hata zile zenyewe zimevimba hivyo, na sababu yake bado wanaitafuta. Nikawaza, watu hawa wanalipwa kwa kutokujua. Wifi yeye alisema tu, "Haitapasuka. Nimeacha vidole vinne kwenye mishono." Haikupasuka. Wanafunzi waliingia saa tano, wakasimama chini yake midomo wazi, na mmoja akamuuliza mwalimu swali lilelile langu, la kuingia motoni kutafuta nini.

Tulirudi kwa miguu. Nilivua mtandio, nikaukunja mkononi.

"Kwa nini hukuniambia kuna kitanzi cha pili?"

"Ungenuna wiki nzima."

"Ungekitumia tangu mwanzo basi. Ubao wako ulikuwa na mistari miwili. Ulikuwa unakitoa kiti chako hivihivi, kwa maneno yangu?"

"Ulisema ulisimama pale," akasema. "Mimi sikuwepo."

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Kama aliniamini, alishona kitanzi cha pili cha nini? Kama hakuniamini, aliitundika mlangoni kwa nini, mbele ya yule mwenye chaki? Nimemuuliza tena mara mbili. Mara ya kwanza alisema maji yanachemka. Mara ya pili alisema niache kumchunguza kama mimi ndiye Mzee Chaki.

Jumatatu alikuta kwenye ubao wake mistari miwili na nukta moja. Nukta hiyo haijawahi kuonekana pale karakana, na hakuna anayejua nukta ngapi zinafanya mstari. Mzee Chaki naye akiulizwa anasema lile suala bado liko kwa wataalamu. Basi wifi yupo palepale dirishani, cherehani ya tatu, ila sasa ana miwani, minene kama vitako vya chupa.

Michoro bado namsomea Jumamosi, maana amezoea. Kabla sijaanza huniambia, "Soma kilichoandikwa, wifi, usiniongezee." Nasoma kilichoandikwa. Ila nikifika mahali pasiponiingia akilini huwa nakohoa, na hapo, nimemchungulia, yeye huacha pindo pana kidogo.